Wacheni Kutudanganya Ati Breki za Gari ya Umeme Hazizeeki

Kila wiki naletewa video mpya ya msee amesimama kando ya Nissan Leaf kwa yadi, anahesabu kwa vidole vitu ambavyo hutawahi kulipia tena. Oili ya injini, hakuna. Plagi, hakuna. Filta ya mafuta, hakuna. Akifika kidole cha nne anatabasamu: "Na breki nazo, hizo ni za maisha." Huko chini watu wanauliza bei na kama anachukua mkopo wa sacco.

Hicho kidole cha nne ndicho nataka tukizungumzie.

Nusu ya maneno yake ni kweli, ndio maana uongo unapita bila mtu kuushika. Kwa gari ya umeme, ukiachilia pedali ya mafuta (naiita hivyo tu, mafuta yenyewe hayako), mota inageuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, chaji inarudi kwa betri, na kazi hiyo ndiyo inavuta gari ipunguze mwendo. Pedi za breki hazijagusa chochote. Leaf za toleo la pili zina e-Pedal, unaweza kumaliza foleni yote ya Thika Road na pedali moja. Kwa hivyo pedi kudumu zinadumu, hilo sibishani nalo.

Shida ni diski. Diski ni chuma, na pale pedi inapogusa hakuna rangi wala mipako ya kukilinda. Gari ya petroli ikinyeshewa usiku, asubuhi diski imeshika rangi ya chungwa, lakini ukishika breki mara tatu nne kabla hujafika stage, pedi zimeshakwangua kila kitu. Kwa gari ya umeme hakuna wa kukwangua. Kutu ya Jumatatu inapata mwenzake Jumanne. Ikikaa sana inachimba vishimo kwa chuma, pedi sasa inashika sehemu tu ya diski badala ya uso wote. Zile pini ambazo kalipa hutelezea nazo zinakwama. Breki za nyuma ndizo huumia zaidi, kwa sababu hata kwa gari ya kawaida kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na za mbele.

Na hutajua. Hiyo ndiyo inaniudhi. Gari inasimama poa kila siku kwa sababu ni mota inaisimamisha. Siku utajua ni ile mtoto ametoka mbio kati ya matatu mbili pale Jogoo Road na umekanyaga na nguvu zako zote. Mota ina kikomo chake, haiwezi kukufungia gari ghafla peke yake. Hapo gari inaita pedi na diski, na diski imekuwa ikiliwa na kutu tangu mvua za Aprili.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sawa, msiniamini. Angalieni basi watengenezaji wenyewe wanafanya nini. Volkswagen iliweka breki za ngoma, zile za kizamani zilizofunikwa, kwa magurudumu ya nyuma ya ID.3 na ID.4. Watu walicheka wakisema ni ubahili. Sababu moja ilikuwa hii hii: breki ikiwa imefunikwa, maji na chumvi haziifikii kwa urahisi. Tesla kwa kitabu chake inasema mahali ambapo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kalipa zisafishwe na kupakwa grisi kila mwaka au kila kilomita 20,000. Ujerumani, kwa ripoti ya ukaguzi ya TÜV ya 2024, Model 3 ilishika mkia kati ya gari za miaka miwili na mitatu, na breki zilikuwa kati ya mambo yaliyoiangusha. Hizo si gari kuukuu. Zilikuwa bado zinang'aa.

Sasa niambie, sisi hatuna theluji, lakini Mombasa tuna nini? Hewa ya chumvi mwaka mzima. Binamu yangu aliacha gari yake ya umeme Bamburi wiki sita akiwa kazi bara. Aliporudi, gurudumu moja la nyuma lilikataa kuzunguka. Pedi ilikuwa imeshikana na diski. Aliyemuuzia hakuwahi kumtajia neno breki, isipokuwa ati ni za maisha. Na kumbuka hizi Leaf hutoka Japani. Kama yako iliishi Hokkaido, imeshaonja chumvi ya barabarani kabla haijaona Kilindini.

Kuna kingine cha kutisha zaidi. Chukua gari umeijaza chaji mpaka 100 huko Limuru, halafu teremka kuelekea Mai Mahiu. Betri imejaa, haina pa kuweka umeme, kwa hivyo mota inapunguza kuvuta au inaacha kabisa. Mteremko wote unabebwa na zile breki ulizosahau. Kama unateremka, usijaze. Acha nafasi.

Na wale mnaochukia gari za umeme, msishangilie. Dawa ya kutu ni karibu bure. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa kavu, tambarare, na nyuma yako hakuna mtu, fika kama 50, weka gia ya N, shika breki kwa uzito mpaka ukaribie kusimama. Rudia mara kadhaa. Kwa N mota haivuti, pedi ndizo zinafanya kazi na zinakwangua. Usijaribu hii kwa mteremko, tafadhali. Ukitoka car wash, usipaki gari ikiwa bado imelowa, shika breki kwanza mara mbili tatu zikauke. Mwambie fundi mara moja kwa mwaka afungue kalipa asafishe na kupaka grisi ya pini. Na mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari ikilala, yabadilishwe kulingana na kitabu.

Kwa nini basi wauzaji hawasemi? Kwa sababu "haihitaji chochote" inauza kuliko "inahitaji dakika tano kwa wiki." Wanajua wengi wetu ni gari ya kwanza, na wengine wanainunua kubeba abiria, watu ambao hawakuchagua hiyo gari na hawana namna ya kujua diski iko aje. Muuzaji anayekaa kimya kuhusu hilo anacheza na maisha ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma akiangalia simu.

Ukiona tena video ya kidole cha nne, mwambie huko chini awashe tochi ya simu, aielekeze kati ya rimu za nyuma, atuonyeshe diski. Tuone kama atajibu.