Hundi Imelala, Mtoto Amefukuzwa

Katika shule zetu nyingi iko desturi iliyozoeleka hata haionekani tena kuwa mbaya. Asubuhi, baada ya bendera kupandishwa, majina ya wenye deni la karo husomwa mbele ya wenzao, kisha huamriwa kuchukua mikoba yao waende nyumbani. Miongoni mwao wamo ambao msaada wao umekwisha kutolewa na serikali. Hundi imo njiani, au imefika na imelala katika mtoto wa meza.

Na tuitazame safari ya msaada huo katika Kaunti ya Kajiado. Fungu moja hutoka katika Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, iliyoanzishwa mwaka 2003. Jingine hutoka kwa serikali ya kaunti. Kila fungu lina fomu yake. Mzazi huijaza, huipeleka kwa chifu itiwe sahihi, huirudisha shuleni ipigwe mhuri na kuandikwa deni, kisha huipeleka ofisini. Mama anayepanga chumba Kitengela na kufanya kibarua katika viwanda vya Athi River hupoteza ujira wa siku kwa kila mlango anaobisha. Na chifu atamshuhudiaje mpangaji aliyehamia mwezi uliopita? Mfugaji ambaye ng'ombe wake walikufa katika ukame wa mwaka 2022 anajulikana sana na chifu wake, lakini ofisi i mbali naye, na fomu imeandikwa kwa Kiingereza.

Hayo ni makosa ya waliopanga utaratibu. Kosa la shule ni kwamba inayajua yote haya, na bado humwadhibu mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, imekataza mtoto kunyimwa masomo katika shule ya umma kwa sababu ya kushindwa kulipa.

Walimu wakuu hujitetea kwamba muuza unga hangoji hundi. Ni kweli, na fedha za serikali kuu nazo huchelewa mara nyingi. Lakini mtoto aliyekaa nyumbani siku nne huleta nini? Aghalabu hurudi mikono mitupu, na hesabu zilizofundishwa siku hizo zimempita. Wadaiwa ni mzazi na serikali. Anayekamatwa ni mtoto!

Mhazini wa shule anawajua wahitaji. Azikusanye fomu muhula unapoanza, azipige mhuri kwa siku moja, amwalike chifu shuleni, na hundi ikifika ampe kila mzazi risiti ya kiasi alichopewa mwanawe, maana wako wasioambiwa kamwe. Zile hundi za maonyesho, kubwa kama mlango, ambazo wanafunzi hupangwa juani kuzipigia makofi, zinaweza kuachwa. Fedha hizo ni kodi iliyotozwa wazazi wao waliponunua sabuni.

Nanyi wasomaji, jina la mwenzenu likisomwa tena, mwendeeni mhazini kwa adabu mkamwulize: hundi yake imefika lini?