Akiba Haiozi, Lakini Huungua

Je, msomaji mpenzi, tovuti ya duka la mama au ya kwaya yenu ikitoweka usiku wa leo, kesho asubuhi mtaanzia wapi? Picha za bidhaa, majina ya wateja na maagizo yasiyolipiwa bado, vyote vimo katika seva, yaani kompyuta ya kampuni inayowakodisha nafasi. Wengi wetu tukishalipa ada ya mwaka hulala usingizi wa pono, tukidhani tumeviweka benki.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Waliokuwa na tovuti zao huko Strasbourg, Ufaransa, walijifunza kwamba huungua. Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini mamilioni ya tovuti yalizimika. Vijana wapenzi wa mchezo wa Rust huenda wanakumbuka: data ya seva za Ulaya zilizokumbwa na moto huo ilipotea kabisa. Wako pia wateja waliokuwa na nakala za akiba, ila ziliwekwa papo hapo, zikaungua pamoja na asili yake.

Hilo ndilo somo la kwanza: nakala isilale chini ya paa moja na asili. Teremsha moja kwenye kompyuta ya nyumbani na nyingine kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo uichomoe na kuiweka mahali pengine. Kumbuka imebeba majina na simu za watu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ziwe salama. Ifunge kwa neno la siri.

Pili, jua cha kunakili. Wengi huchukua kurasa na picha tu, wakasahau hifadhidata yenye maagizo na wateja. Wengine husahau mipangilio: akaunti za baruapepe, rekodi zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva, kazi zinazojiendesha usiku na matoleo ya programu. Ukikosa haya utabaki na data mkononi na tovuti isiyofunguka.

Kama kampuni yenu hutumia cPanel, jihadhari. Nakala kamili ya akaunti waweza kuiteremsha mwenyewe, lakini kuirudisha ni kazi ya kampuni. Kwa hiyo teremsha pia nakala ya faili na ya kila hifadhidata mbalimbali, kwani hizo waweza kuzirudisha kwa mkono wako.

Tatu, ijaribu. Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, huduma inayohifadhi kazi za watengenezaji wa programu, alifuta kimakosa hifadhidata kuu. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za akiba. Walipozigeukia, wakakuta nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua za kuonya hazikuwafikia wahusika. Iliyowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya mkasa. Kazi ya saa hizo ilipotea.

Ikiwa mafundi hao waliteleza, sisi je? Mwanafunzi aliye likizoni aweza kuweka programu ya bure ya XAMPP kwenye kompyuta ya nyumbani, arudishe nakala humo na kufungua tovuti bila kuigusa ile halisi. Mama naye atafute agizo la juzi. Akiliona, mna akiba. Asipoliona, shukuruni kwamba mmegundua leo, wakati seva ingali inafanya kazi, kisha mwanze upya.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.