UKURASA WA NYUMBANI: Mama wa Watoto Asiowazaa



Wazee husema: Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mwezi huu nataka kuwapa habari za bibi mmoja ambaye hakuolewa wala hakuzaa, lakini alilea watoto saba waliofiwa na mama yao, na pamoja na hao akafundisha watoto wadogo wa vijiji vya milimani kwa muda mrefu wa maisha yake. Jina lake ni Louise Scheppler. Alizaliwa Novemba 1763 katika kijiji cha Bellefosse, nchi ya Ufaransa. Siku zile neno chekechea halikuwako katika lugha yo yote. Kazi yenyewe tu ndiyo iliyokuwa imeanza, tena mahali pasipodhaniwa.

Katika milima ya Vosges, upande wa mashariki wa Ufaransa, liko bonde liitwalo Ban-de-la-Roche. Wadachi huliita Steintal, maana yake Bonde la Mawe, na jina hilo lalistahili. Ardhi ni ya mawe, baridi ni kali, na zamani zile njia zilikuwa mbovu hata ilikuwa shida kubwa kupeleka mazao sokoni. Mwaka 1767 alikuja huko Mchungaji Jean-Frédéric Oberlin, akakaa kijijini Waldersbach. Aliwakuta watu katika umaskini mwingi. Basi hakuhubiri tu. Alishika sururu kwa mikono yake mwenyewe, yeye na wakulima wake, wakatengeneza barabara na kujenga daraja. Akawaonyesha namna ya kupanda viazi vizuri zaidi, na kupanda miti ya matunda.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sururu haikuliweza. Baba na mama walipokwenda shambani, watoto wadogo walibaki wakizurura, hakuna wa kuwaangalia wala wa kusema nao neno jema. Katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana aitwaye Sara Banzet, naye alikuwa akiwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Oberlin akaona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Mwaka 1769 akapatana na Sara aifanye kazi hiyo kwa ujira, kama kazi nyingine ya haki. Sara hakuishi siku nyingi, alikufa mwaka 1774. Lakini mbegu ilikwisha pandwa, na wanawake wengine waliishika kazi yake.

Louise aliingia katika nyumba ya Mchungaji alipokuwa msichana wa miaka 15 hivi. Alikuja kama mtumishi, kufagia na kupika. Lakini mke wa Mchungaji, Bibi Madeleine-Salomé, aliyekuwa akiwaongoza na kuwazoeza wanawake wa kazi ile ya watoto, aliona kwamba binti huyu ana akili na moyo wa subira, akamtia katika kazi. Hawakuitwa walimu, waliitwa waongozi wa utoto mchanga. Jina hili lanipendeza sana, maana mwongozi hasukumi kwa nyuma, hutangulia mbele akishika mkono.

Labda mwauliza, Watoto wasiofika miaka saba walifundishwa nini? Walikusanywa katika chumba kimoja kikubwa chenye jiko la kutia moto, kwa sababu ya baridi. Wakubwa kidogo walifuma, walishona au walisokota pamba. Wadogo kabisa waliachwa wacheze. Huku mikono ikifanya kazi, mwongozi aliwasimulia hadithi za Biblia, akawaonyesha picha za wanyama na za mimea, akawafundisha nyimbo. Watoto walijua lugha ya milimani tu, basi wakazoezwa pole pole kusema Kifaransa, ili watakapoingia shule ya wakubwa wasiwe kama viziwi. Wakati wa jua walitoka nje kutafuta maua na majani, wakajifunza majina yake, na upi ni mmea wa dawa, na upi ni wa sumu. Hapakuwa na fimbo ya kuwalazimisha kujua. Mtoto aliuliza kwa sababu alikuwa ameona.

Hata Januari 1783 msiba ukaingia nyumbani mwa Mchungaji. Bibi Madeleine-Salomé alikufa, akaacha watoto saba. Louise alikuwa na miaka 19. Tokea siku ile ufunguo wa nyumba ukawa mkononi mwake. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwashonea, akauguza waliougua. Wala hakuacha kazi yake ya vijijini. Wengi wetu twamjua mwanamke wa namna hii katika ukoo wetu: shangazi au dada mkubwa ambaye msiba ulimkuta kijana, na tangu hapo kila mtu huja kwake akilia, wala hakuna aulizaye yeye hulia wapi.

Sasa nawaomba msome kwa uangalifu jambo linalofuata, maana ndilo lililonifanya niandike. Mwanzo wa mwaka 1793, baada ya miaka kumi ya kuwalea watoto wale, Louise alimwandikia Mchungaji barua. Alimwomba asimpe mshahara tena. Alisema kwamba, kwa kuwa katika mambo mengine yote atendewa kama mwana wa nyumba, ataka na katika hili atendewe vivyo hivyo. Mahitaji yake ni machache: viatu, soksi, na viatu vya mti vya kwenda njiani, akivihitaji atamwomba, kama mtoto amwombavyo baba yake.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi ili kumsifu Louise, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini wengine huisimulia nusu. Katika barua ileile Louise alitaja sababu ya kuomba jambo hili wakati ule wala si zamani: mpaka siku zile alikuwa na mzigo wa baba yake na madeni ya baba yake, na sasa mzigo ule umemwondokea. Mwaona? Wakati alipokuwa na deni la kulipa, aliupokea mshahara wake, nao ulikuwa halali yake, wala haukupunguza upendo wake kwa watoto hata kidogo. Alipokuwa huru, ndipo alipotoa. Na aliyetoa ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya kisha akaita jambo hilo sadaka.

Nasema hivi kwa sababu hata kwetu husikika baba akinung'unika akiombwa ada ya mwalimu wa watoto wadogo. Husema, “Huyu afanya nini? Aimba nao tu, awapangusa pua, nao warudi nyumbani. Na afanye kwa kumpenda Mungu.” Fundi aezekaye nyumba yake humlipa siku ileile, lakini mwalimu wa mtoto wake humpa ahadi. Ndugu yangu, jiulize: mwalimu huyo naye hana baba mzee? Hana deni dukani, wala mdogo wake wa kusomeshwa? Ikiwa siku moja ataka kukuachia ujira wake kwa hiari, hiyo itakuwa karama yake. Lakini karama haidaiwi, na asiyelipa hawezi kusema kwamba amepewa.

Louise naye hakupokewa bure katika nyumba ile. Mchungaji alimhesabu kuwa binti yake kweli kweli. Oberlin alipofariki tarehe 1 Juni 1826, mwenye umri wa miaka 85, alikuwa ameacha barua kwa watoto wake. Aliwakumbusha kwamba Louise ndiye aliyewalea, wala hakuchoka, na kwamba amewatumikia wanyonge wa bonde lile; akamweka katika mikono yao. Watoto, ambao siku hizi walikuwa watu wazima, walitaka kumpa sehemu ya urithi sawa na binti wa kuzaliwa. Louise akakataa. Akaomba jambo moja tu, kwamba aruhusiwe kuliongeza jina la Oberlin katika jina lake. Wakamkubalia kwa furaha. Basi yule aliyeingia kwa mlango wa jikoni akaitwa kwa jina la nyumba yenyewe.

Mwaka 1829 sifa zake zilifika Paris. Akademia ya Ufaransa, baraza la wataalamu wakubwa wa nchi ile, ilimpa tuzo ya wema iliyoanzishwa na Bwana Montyon, nayo ilikuwa faranga 5,000. Mwanamke wa kijijini mwenye miaka zaidi ya 60 hangekosa la kujifanyia kwa fedha hizo. Lakini hazikuwa za raha yake; zilikwenda katika kazi ileile aliyoishika tangu ujana.

Alikufa Julai 1837 kulekule Waldersbach. Mwaka uohuo, katika mji wa Blankenburg wa nchi ya Wadachi, Bwana Friedrich Fröbel alifungua nyumba ya kuwafundisha watoto wadogo kwa michezo na kazi za mikono. Miaka mitatu baadaye akaipa kazi hiyo jina ambalo tafsiri yake ni bustani ya watoto, na kwa jina hilo ikaenea duniani, hata ikafika kwetu. Jina la Fröbel lajulikana katika vyuo vya walimu, nayo ni haki. Lakini walimu wetu wajue kwamba karibu miaka 70 kabla yake Sara Banzet aliketi na watoto na sindano zake, na kwamba Louise alizidi kuiendeleza kazi ile mwaka baada ya mwaka. Nyumba ya Mchungaji ya Waldersbach leo ni jumba la makumbusho, na ndani yake vimewekwa vitu vya kazi ile, pamoja na mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi.

Ninyi walimu mnaofundisha watoto wadogo chini ya mwembe, au katika chumba kilichoazimwa, msione aibu mkiulizwa mwafundisha darasa gani. Na ninyi baba na mama, mwezi huu mkimpeleka mtoto, msimwache mlangoni na kugeuka. Ingieni ndani. Mwulizeni mwalimu habari zake, si habari za mtoto tu. Tazameni kama mkeka watosha, kama maji ya kunywa yako, kama paa lavuja. Na kama ada ya miezi iliyopita ingali kwenu, mpelekeeni wenyewe kwa mikono miwili, kabla hajalazimika kuiomba.

Wasalaam, mpaka mwezi ujao.