Mwalimu Mgeni wa Kiingereza: Twamsikiliza au Twamtazama?

Mwalimu mgeni wa Kiingereza aingiapo darasani kwa mara ya kwanza, huwa amekwisha kupimwa kabla hajafungua kinywa. Wanafunzi wametazama rangi ya ngozi yake. Mkuu wa shule ameuliza uraia wake. Wazazi wameambiana kwamba safari hii watoto wao wamepata mwalimu wa kweli, au kwamba wamepunjwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekwisha kumsikia akieleza matumizi ya wakati uliopita wa kitenzi. Makala haya yanakusudia kuuliza kipimo hicho kimetoka wapi, kinatugharimu nini darasani, na vyuo vyetu vya ualimu vina wajibu gani wa kukirekebisha.

Asili ya kipimo hiki

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Watu wengi hukiita Kiingereza "Kizungu". Jina hilo halikuchaguliwa kwa ubaya; lilizoeleka katika zama ambapo waliokisema mbele ya wananchi walikuwa watawala na wamisionari. Lakini neno hubeba fikra. Maadamu lugha yenyewe ni ya Kizungu, mtoto hukata shauri kwamba mwenye lugha ni Mzungu, na kwamba mtu mweusi anayeifundisha ni mwazimaji tu. Kwa hiyo Mjerumani au Mholanzi, ambaye naye alijifunza Kiingereza shuleni kama sisi, hupokewa kana kwamba alizaliwa nacho. Ilhali Mwafrika aliyekitumia tangu utoto wake huko Kampala huulizwa alikipata wapi.

Historia ya shule zetu iliitia nguvu fikra hiyo. Baada ya Uhuru, shule za sekondari zilipanuka upesi kuliko idadi ya walimu wenyeji. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ulioanza mwaka 1961, ulileta walimu kutoka Marekani na Uingereza kuja kufundisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Walifanya kazi iliyohitajika, na si haki kuwabeza. Hata hivyo, pamoja na masomo yaliyoandikwa katika muhtasari, wanafunzi walijifunza pia somo lisiloandikwa popote: kwamba Kiingereza ni kitu kinacholetwa kwa ndege.

Mwaka huo huo wa 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye, yaani mwaka 1992, mtaalamu Robert Phillipson alichambua imani tano zilizopata nguvu kutokana na mkutano ule, akaeleza kwamba zote ni potofu. Mojawapo ni imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza. Yafaa tukumbuke kwamba imani hiyo, ambayo leo inatuumiza, iliimarishwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika chuo tulichokiheshimu kuliko vyote.

Ngazi tatu za heshima

Mtu akichunguza namna jamii yetu inavyowapanga walimu wa Kiingereza, ataona ngazi tatu. Juu kabisa amekaa Mzungu, bila kujali ametoka nchi gani wala amesomea nini. Chini yake wamo Mkenya na Mganda. Tangu miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipoanza kuenea nchini, nyingi kati yake ziliajiri walimu kutoka nchi hizo mbili, na wazazi wakazoea kuuliza kama shule inao "walimu wa Kenya". Mtanzania mwenye cheti kile kile, na pengine uzoefu mkubwa zaidi, ameachiwa ngazi ya chini.

Ngazi ya kati inatufundisha jambo. Mkenya ni mweusi kama sisi; kwa hiyo si rangi peke yake inayopimwa, bali na uraia pia. Lakini tazama yanayompata mgeni ambaye sura yake na pasipoti yake havipatani katika macho yetu. Mmarekani mweusi aliyezaliwa Chicago, ambaye Kiingereza ndiyo lugha pekee aliyonayo, huulizwa kwao hasa ni wapi, kana kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa na walakini. Mmarekani ambaye wazee wake walitoka Asia huitwa Mchina toka kituo cha basi hadi lango la shule. Watu hawa wana sifa ile ile ambayo twadai kuitafuta kwa mgeni, nayo ni kuzaliwa na lugha. Bado hatuwapokei sawasawa na mwenzao mweupe. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba tulichokuwa tukikitafuta hakikuwa lugha.

Kasumba hii si yetu peke yetu. Kwa miaka mingi Korea ya Kusini ilitoa viza ya kufundisha Kiingereza kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Mkenya, Mganda na Mnigeria, ambao katika nchi zao Kiingereza ni lugha rasmi, hawakuwamo katika orodha hiyo. Aidha, waajiri wengi wa shule za binafsi huko walizoea kumtaka mwombaji aambatanishe picha yake na barua ya maombi. Picha haisemi. Aitakaye anataka kutazama.

Hasara darasani

Wako watakaosema kwamba hili ni suala la adabu tu, na kwamba wageni watazoea. La hasha. Ni suala la kujifunza. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mkufunzi wa lugha angefaa alijue. Aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya mtu mmoja, mzaliwa wa Marekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mweupe, likaambiwa huyo ndiye msemaji. Kundi jingine likaonyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia. Sauti ilikuwa ile ile, maneno yale yale. Walioonyeshwa picha ya Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwapo. Na walipopewa jaribio kuhusu yaliyosemwa, walipata alama za chini kuliko wenzao.

Maana yake ni nzito. Jicho liliziba sikio. Mwanafunzi aliyekwisha kuamua kwamba mwalimu huyu si mwenye lugha, hujifunza pungufu kwake, hata kama mwalimu hakukosea neno. Basi tujiulize ni wanafunzi wangapi wa nchi hii wanaoketi mbele ya mwalimu wao Mtanzania huku masikio yao yamezibwa namna hiyo, wakimsubiri Mzungu ambaye huenda asije.

Anayeumia zaidi ni mwanachuo wetu aliye katika mazoezi ya kufundisha. Hupangiwa darasa ambalo muhula uliopita lilikuwa na mgeni wa kujitolea. Aingiapo, nyuso zinanywea. Akitamka neno, wako nyuma wanaocheka, ati hakubana pua. Kijana huyo hana budi kuchagua: ama aige lafudhi isiyo yake, nao wamcheke zaidi, ama akimbilie ubaoni, aandike sarufi tupu, anyamaze. Wengi huchagua ubao. Kisha sisi wakufunzi twaandika katika ripoti kwamba mwanachuo hakutumia mbinu shirikishi.

Hoja ya upande wa pili

Haki yataka tusikilize pia hoja ya mzazi. Mzazi hakosi sababu ya kuwa na hofu. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo, na tangu hapo malalamiko hayajaisha. Walimu wenye Kiingereza dhaifu wapo, na kuwatetea kwa kuwa ni wenzetu ni kuwadhulumu watoto. Tena mgeni aliyekulia katika lugha hiyo analeta mali ya kweli: misemo, wepesi wa mazungumzo, na sababu halisi ya mwanafunzi kukisema Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakijui.

Lakini ufasaha una chanzo, wala chanzo hicho si damu. Usione vyaelea, vimeundwa. Nchini Kenya Kiingereza ni lugha ya kufundishia tangu darasa la nne au kabla yake. Kwetu, tangu mwaka 1967, shule za msingi za Serikali zimefundisha kwa Kiswahili, isipokuwa chache. Mwalimu wa Kenya amekitumia Kiingereza kwa miaka mingi zaidi akiwa shuleni. Tofauti hiyo ni ya saa za mazoezi, na saa za mazoezi huweza kuongezwa vyuoni.

Zaidi ya hayo, mwalimu mwenyeji anayo hazina ambayo mgeni hana. Anajua kwa nini mwanafunzi anamtaja mama yake kwa kiwakilishi cha kiume: neno letu "yeye" halibagui mume na mke. Anajua kwa nini silabi za Kiingereza huongezewa irabu mwishoni, kwani maneno yetu huishia kwa irabu. Anajua kwamba mtoto mwenye irabu 5 hawezi kutofautisha mara moja neno la Kiingereza la kondoo na lile la meli, katika lugha ambayo sauti zake za irabu, kwa matamshi ya kusini mwa Uingereza, huhesabiwa zapata 20. Na mgeni akihangaika kuwaonyesha wanafunzi ulimi uwekwe wapi kati ya meno, mwenyeji atawaambia tu waseme "thelathini" na "dhahabu", kisha waihamishe sauti hiyo. Aliyepanda mlima kwa miguu yake huzijua kona zake kuliko aliyezaliwa kileleni.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo lugha hii imeenezwa bara yote na walimu Wasukuma, Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa na wengineo, ambao wengi wao waliikuta shuleni kama lugha ya pili. Hakuna mzazi wa Bukoba adaiye mwalimu wa Kiswahili awe mzaliwa wa Unguja. Twamtaka aijue lugha na ajue kuifundisha, basi. Kwa nini kipimo kilichotufaa kwa Kiswahili tukitupe tufikapo kwenye Kiingereza?

Wajibu wa vyuo

Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Tamko ni jambo jema, lakini tamko halifundishi darasa. Napendekeza mambo manne tunayoweza kuyafanya wenyewe.

Kwanza, katika masomo ya mbinu, wanachuo wasikilizishwe sauti zilizorekodiwa za wasemaji mbalimbali wa Kiingereza: Mskoti, Mhindi, Mnigeria, Mmarekani mweusi, Mtanzania. Waandike walichoelewa kabla ya kuambiwa nani ni nani. Kisha waambiwe, wajadili walivyodhani. Zoezi hili halihitaji fedha nyingi, na wanachuo wataweza kulirudia katika madarasa yao.

Pili, mgeni na mwenyeji wafundishe pamoja, wakigawana kazi kwa ujuzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni asiachwe kuwa pambo la kuongea tu, wala mwenyeji asigeuzwe mkalimani wake. Mwanafunzi akiwaona wakisahihishana kwa heshima mbele yake, atajifunza zaidi ya sarufi.

Tatu, mkuu wa shule anapomtambulisha mgeni, ataje kwanza alichosomea na atakachofundisha, ndipo ataje atokako. Na mwenye shule anapoajiri, aombe cheti cha ualimu na somo la majaribio mbele ya darasa, picha aiache.

Nne, wanachuo wapewe saa nyingi zaidi za kukisema Kiingereza, maana hoja hizi zote zitakuwa bure ikiwa mwalimu wetu mwenyewe anakiogopa. Kumtetea mwalimu mwenyeji ni kumwandaa.

Jambo hili litatufikia na sisi kwa mlango mwingine. Mwaka 2018 Afrika ya Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zake kama somo la hiari, na mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Wanafunzi wetu wa leo watakwenda huko wakiwa walimu wageni. Watasimama mbele ya watoto wasiowajua, nao watatazamwa kabla ya kusikilizwa. Tutapenda wapimwe kwa kazi yao. Basi tuanze kukitumia kipimo hicho kwa wageni walioko kwetu, na kwa mwenzetu Mtanzania afundishaye katika chumba cha pili.