Gari la Porini Lisinunuliwe kwa Macho

Katika miaka ya karibuni imezuka desturi njema miongoni mwa wananchi wa Uganda, nayo ni ya baba na mama kuwachukua watoto wao wakati wa likizo na kwenda kupiga kambi katika hifadhi zetu za taifa. Zamani safari za namna hii zilihesabiwa kuwa ni mambo ya wageni watokao ng'ambo. Leo twawaona wenyeji wakisimamisha mahema yao Murchison Falls, Ziwa Mburo na hata Kidepo, na watoto wakijionea kwa macho yao wanyama ambao hapo awali waliwajua katika vitabu tu. Desturi hii twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini pamoja nayo limekuja jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni haraka ya kununua magari ya porini yaliyokwisha kutumika, bila ya kuyachunguza wala kujiuliza yatafanya kazi gani.

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Sisi wenyewe tuliyaonja. Tulinunua gari kubwa lenye viti vya ngozi katika uwanja mmoja wa magari jijini Kampala. Saa yake ilionyesha kilomita 78,000, rangi iling'aa, na muuzaji alituambia kwamba walikuwapo wanunuzi wengine wawili waliokuwa njiani. Basi hatukumwita fundi. Sehemu ya fedha tulikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, na mwezi wa Desemba tukaondoka na watoto wanne kuelekea Kidepo. Tulipokwisha kuipita Kitgum, tukikaribia Orom, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na mvuke ukafuka kutoka chini ya boneti. Maji yote ya kunywa tuliyamimina katika radieta, nayo yakatoka kama yalivyoingia. Usiku ule watoto walilala ndani ya gari, na lau si wanakijiji waliotuletea maji kwa madumu, wangelala na kiu. Siku ya pili lori likatuvuta hadi mjini. Fundi alipoifungua injini alitukuta na habari mbaya: silinda hedi ilikuwa imepasuka, tena ilikwisha kuchomelewa zamani. Ada ya shule ya muhula wa kwanza iliishia hapo.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lile lilitembezwa mbele yetu kwa maneno matamu, nasi tukaridhika na kuliangalia kwa nje.

Kwa maoni yetu kosa la kwanza halikuwa la muuzaji, ijapokuwa hatumwondolei lawama. Kosa la kwanza lilikuwa letu, maana tuliuliza "gari gani?" kabla ya kuuliza "safari gani?" Jamaa aendaye Ziwa Mburo mara mbili kwa mwaka, wakati wa kiangazi, hana haja ya gari zito. Barabara kuu ya Masaka na Mbarara ni ya lami, na njia za ndani ya hifadhi hupitika vizuri zikiwa kavu. Murchison Falls nako kumebadilika: lami imefika, na pale Paraa, mahali ambapo zamani tulingoja kivuko, sasa tunapita Mto Nile juu ya daraja. Kwa safari hizo gari dogo lililoinuka kidogo, kama vile Toyota RAV4, latosha kabisa, na linakunywa mafuta kwa adabu.

Mambo ni mengine kwa yule mwenye nia ya kwenda Ishasha, kusini mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, au Karamoja wakati wa mvua. Huko kuna udongo mweusi ambao ukilowa hugeuka kama ulimbo: hujaza meno ya tairi yote, na gari huteleza kama sabuni. Huko ndiko linakohitajika gari lenye chesisi imara, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na lenye gia nzito za ziada. Twasisitiza hilo la mwisho, kwani wengi hawajui tofauti. Magari mengi madogo huandikwa kuwa ni ya magurudumu manne, lakini hayana gia hizo nzito ziwezazo kulitoa gari topeni polepole bila ya kuiunguza klachi.

Anayehitaji gari kubwa mara moja tu kwa mwaka, twamshauri alikodi. Hakuna aibu katika kukodi. Aibu ni gari kulala uani miezi kumi na moja likila bima na betri, ilhali watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Kwa yule ambaye amekwisha kupiga hesabu akaona kwamba anahitaji kununua, tuna machache ya kumwambia. Magari yetu mengi hutoka Japani, kwa sababu Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu lilipoundwa. Kwa hiyo yale magari ya kale yasifiwayo sana, kama Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ iliyoanza kutumika mwaka 1990, mengi yanayouzwa sasa ni yale yaliyokwisha kufanya kazi humu humu nchini, katika miradi, mashirika na makampuni ya utalii. Wako wanunuzi wanaoyadharau kwa sababu yamechakaa. Sisi twaona vingine. Gari lililotumika hapa na kutunziwa daftari la matengenezo, hata likiwa na kilomita 300,000, ni bora kuliko gari linalong'aa ambalo historia yake haijulikani. Daftari husema kweli. Rangi husema ilivyofundishwa na mpakaji.

Injini hiyo ya 1HZ ina lita 4.2 na silinda sita, na pampu yake ya dizeli haina kompyuta. Haina mbio, nayo hutumia mafuta mengi, lakini fundi wa Moroto au wa Kitgum anaifahamu, na vipuri vyake vinapatikana. Injini za dizeli za siku hizi zina nguvu zaidi na hutumia mafuta kidogo, lakini nozeli zake ni laini mno. Dizeli yenye maji au vumbi, ambayo ni rahisi kuipata kwenye mapipa ya vijijini, huziharibu upesi, na kuzinunua upya ni gharama kubwa. Mwenye kuchagua na achague huku akijua.

Gari lolote na liangaliwe kwanza asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akikuwashia mapema kabla hujafika, muulize sababu. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili yake. Moshi mweupe usiokoma, hata injini ikisha kupata moto, huonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi mwingi ni dalili ya nozeli mbovu au hewa isiyotosha. Fungua kizibo cha oili: ukikuta uji mweupe kama maziwa, funga, shukuru, uende zako. Jambo hilo dogo, kama tungelifanya sisi, lingetuokoa.

Kisha lala chini ya gari. Usione haya kuchafua shati. Yako magari yaliyotembea katika mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo huila chesisi pole pole. Igonge kwa nyundo ndogo, usikilize kama mlio ni wa chuma kizima au wa chuma kilichooza. Tazama kama kuna oili inayovuja kwenye difu na giabokosi. Halafu ingiza gia za magurudumu manne, nzito na nyepesi, uliendeshe gari mahali penye mchanga au majani. Gia hizo zikikataa kuingia uwanjani, hazitaingia Ishasha.

Saa ya kilomita isiaminiwe peke yake. Kanyagio la breki lililokwisha mpira, usukani uliolainika kwa mikono, na kiti cha dereva kilichobonyea havipatani na kilomita 78,000. Ikiwa gari limetoka mnadani Japani, ulizia karatasi ya mnada. Namba ya chesisi na ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Tairi nazo zina tarehe: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hivi kwamba 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umezeeka.

La mwisho ndilo kubwa kwetu, nalo ni watoto. Katika baadhi ya Land Cruiser zile ndefu, viti vya nyuma ni mabenchi yanayotazamana, na watoto hukaa humo ubavu ubavu bila ya mikanda. Gari likigonga au kupinduka, hakuna kinachowashika. Twasema bila kuficha kwamba gari la namna hiyo halifai kuchukua jamaa mpaka litiwe viti vinavyotazama mbele na mikanda iliyofungwa barabara. Vilevile mizigo isirundikwe juu ya paa. Maji, mafuta na masufuria yakiwekwa juu, uzito wa gari hupanda, na gari lililokuwa imara huwa jepesi kupinduka kwenye kona ya changarawe.

Twashauri pia kwamba mnunuzi asizimalize fedha zake zote katika bei. Kama ana shilingi mia, na anunue gari la themanini, na ishirini aziweke kwa tairi, mikanda ya injini, mabomba ya radieta na fundi. Ujira wa fundi mwaminifu wa kulikagua gari kabla ya kununua ni mdogo kuliko gharama ya lori moja la kukuvuta kutoka Orom.

Wako watakaosema kwamba tunawatisha watu wasiende kuiona nchi yao. La hasha! Twataka waende, na warudi. Mtoto aliyeamka alfajiri katika bonde la Narus akaona nyati wakishuka kunywa maji hatasahau maisha yake yote, wala hatahitaji kuhimizwa kuvilinda viumbe hivyo atakapokuwa mtu mzima. Lakini mtoto hajali kama alifika huko katika gari la viti vya ngozi au la viti vya kitambaa. Anachotaka ni kufika, na anachostahili ni kurudishwa nyumbani salama.

Basi, ndugu zetu, kabla ya likizo ijayo, kaeni pamoja mzihesabu safari zenu na fedha zenu. Mwiteni fundi kwanza, na muuzaji mumlipe baadaye.