Ukubwa wa Ziwa Hauwalindi Samaki

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukubwa huo umezaa imani inayorudiwa kila siku kwenye mialo ya mji wa Baraka, siku hizi hata madhabahuni: eti ziwa hujisafisha lenyewe, na samaki wake wamezoea uchafu. Imani hiyo ni ya uongo, tena inaua.

Maji ya ziwa hili yana alkali nyingi. pH yake hukaribia 9, na sehemu kubwa ya chumvi zake huletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Ndani ya maji kama hayo amonia, taka itokayo kwenye matamvua ya samaki na kwenye vitu vinavyooza, huwa kali kupita kiasi. Kwa pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu. Kwa pH 9, ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa mto wa kawaida angeuvumilia, wa Tanganyika unamuua.

Wanaofuga samaki hawa Ulaya wanalijua hilo vizuri. Tropheus duboisi, samaki wa ziwa hili ambaye Georges Marlier alimtambulisha kisayansi mwaka 1959, hukaa huko katika tangi la kioo lenye chujio. Bakteria wa chujio hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati nayo hulundikana, hivyo mfugaji hupima maji, na kila wiki humwaga sehemu yake na kutia mapya. Akizembea, samaki hufa.

Ziwa halina wa kulibadilishia maji. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga kule Kalemie, na maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke, ambao huacha chumvi na taka nyuma. Maji yake huchukua zaidi ya miaka 400 kubadilika yote. Kina nacho si msaada: upande wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi hakuna oksijeni. Tropheus hula mwani juu ya miamba, mita chache tu chini ya uso wa maji, na ni nadra kuvuka mchanga. Ziwa lake ni ule ukanda mwembamba wa pwani, palepale panapomwagwa takataka.

Husemwa kwamba mababu walifulia ziwani na samaki hawakuisha. Hoja hii haisimami. Mababu hawakuwa na plastiki, wala sabuni ya unga, wala mji uliojaa watu waliokimbia vita. Na kipindupindu kinachorudi Uvira, Baraka na Kalemie kinatosha kuonyesha jinsi maji ya pwani yanavyojisafisha.

Minembwe nako, milimani juu ya mita 2,000, watu hudhani ziwa ni shauri la watu wa chini. Lakini mteremko ukikatwa miti, mvua huteremsha udongo hadi mitoni. Mto Mutambala huumwaga ziwani karibu na Baraka, nao hufunika mwani juu ya mawe. Samaki aliyeumbwa kukwangua mwani huo hawezi kula tope. Uvira kuna kituo cha utafiti wa hidrobiolojia; amonia na tope vipimwe kwenye mlango wa Mutambala na kwenye mialo ya Baraka, matokeo yasomwe hadharani, na takataka zitafutiwe mahali mbali na maji.