Chatu kwenye boksi la plastiki: jua lake utalitoa wapi?

Testi zimeisha, bumu halijatoka, kwa hiyo muda wa kubishana upo wa kutosha. Na ubishi wa wiki hii hapa kampasi siyo Simba na Yanga, ni nyoka. Tena nyoka wa kufuga.

Chanzo ni mdogo wangu. Sisi nyumbani ni Rulenge, Ngara, ila yeye anasoma sekondari Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, anakaa kwa mjomba. Kanitumia ujumbe kwamba walipochoma majani shambani wameokota mtoto wa chatu, urefu kama mkono wa mtu mzima, na kamweka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, lile lile tunalowekea nguo hosteli. Anasema, "Kaka, hataki kula. Bumu likitoka nitumie hela ya kifaa cha joto." Kwenye simu kaona video za Wamarekani wanaofuga nyoka kwenye maboksi yaliyopangwa kama droo za kabati, basi kaona mbona rahisi.

Nilipoisema habari hii pale kimbweta, kambi zikawa mbili hapo hapo. Wa kwanza wanasema auawe, nyoka ni nyoka tu. Wa pili wanasema afuge, akikua auze, mtaji huo. Mimi niko kambi ya tatu ambayo mpaka sasa ina mwanachama mmoja: hela ya kifaa sitoi, nyoka asiuawe, arudi porini. Nisikilizeni mpaka mwisho ndo mnipopoe.

Tuanze na hilo joto, manake ndo kiini cha habari yote. Mimi na wewe tukila ugali, sehemu kubwa ya chakula kile inaishia kuwa joto la mwili. Uwe Dar au uwe kwenye vilima vya Ngara, mwili wako unabaki kwenye nyuzi 37 hivi, usiku na mchana. Nyoka hana jiko hilo ndani. Joto lake analikopa nje: juani, kwenye mwamba, kwenye udongo uliopata moto mchana. Akipoa yeye, vinapoa vyote. Tumbo linaacha kusaga, kinga inalegea, kifua kinaanza kukoroma kwa maradhi ya mapafu. Ukimlisha panya akiwa baridi, yule panya anaweza kuozea tumboni, na nyoka akamtapika. Sasa mtoto wa chatu anayekataa kula ndani ya boksi siyo jeuri. Mara nyingi ni kwamba hana moto wa kupikia, au ana hofu, au vyote viwili.

Chatu mwenyewe analijua hilo kuliko sisi. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Afrika Kusini, Graham Alexander, alifuatilia chatu wa kusini mwa Afrika, ndugu wa damu kabisa wa huyu wetu, na mwaka 2018 akachapisha aliyoyaona. Mama chatu anakaa miezi hali chakula kwa ajili ya mayai. Mchana anatoka shimoni kuota jua mpaka mwili wake unafika karibu nyuzi 40, halafu anarudi kuyazungushia mayai mwili ule wa moto. Watoto wakishaanguliwa wanabaki karibu naye kama wiki mbili hivi, na usiku wanalala juu ya mikunjo yake. Kumbe mtoto wa chatu anaanza maisha kwa kupashwa joto na mama yake! Halafu sisi tunamtoa huko tunamweka kwenye plastiki chini ya kitanda.

Sasa tuwe wakweli, boksi lenyewe halina kosa. Wanaojua kazi wanalitumia vizuri tu, manake linashika unyevu, linashika joto, na nyoka anapenda sehemu finyu yenye kiza. Lakini ukiangalia zile video kwa makini, kazi kubwa haiko kwenye boksi. Chini yake kuna mkeka wa umeme unaopasha kama theluthi moja tu ya sakafu. Upande mmoja unakuwa nyuzi 31 au 32, upande wa pili 25 mpaka 27, ili nyoka achague mwenyewe aende wapi. Mkeka umeunganishwa na kidhibiti kinachozima na kuwasha chenyewe, kuna vipimajoto viwili, maficho mawili, bakuli la maji na matundu ya hewa. Nyumba ya nyoka ni lile joto lenye pande mbili. Boksi ni ukuta tu. Boksi bila joto ni jeneza linaloonyesha maiti kabla hajafa.

Hebu lete mahesabu hayo nyumbani. Usiku wa Juni na Julai kwetu unashuka hadi nyuzi 15 hivi, na ukungu wa asubuhi mnaujua wenyewe. Umeme tunao siku hizi, hata Rusumo pale Mto Kagera umejengwa mtambo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi, lakini nani kati yenu anayetoka kijijini atasema umeme haukatiki? Kwa nyoka wa boksi, usiku mmoja wa kiza ni usiku mmoja wa baridi.

Najua mtasema sisi ni wabunifu. Sawa, tuupime ubunifu wetu. Balbu ndani ya boksi? Nyoka anajibana kwenye kitu cha moto na anaweza kuungua ngozi bila kuondoka haraka, acha plastiki kuyeyuka na nyumba kushika moto. Chupa ya maji ya moto? Saa chache imepoa, nani ataamka saa nane za usiku kubadilisha? Jiko la mkaa chumbani? Hilo linaua watu kila mwaka kwa hewa yake ya sumu, tusilijadili hata. Boksi juani mchana? Hapo ndo mnamchemsha. Plastiki yenye mfuniko juani inageuka oveni, na nyoka hana kivuli cha kukimbilia. Porini akipata joto sana anaingia shimoni. Kwenye boksi ataingia wapi?

Halafu kuna ukubwa. Wengi wa wale wanaoonekana kwenye droo ni chatu wa aina nyingine, wa Afrika Magharibi, wanaosafirishwa sana kutoka Ghana, Togo na Benin. Mkubwa wao ni mita moja na nusu, akizidi sana mbili hafiki. Huyu wetu ndiye nyoka mkubwa kuliko wote Afrika. Mita tatu mpaka tano ni kawaida yake, na mbuzi anammeza. Mdogo wangu, hilo boksi la nguo litatosha mpaka lini?

Na hapa kambi ya "amfuge" inisikilize vizuri: nani amethibitisha kwamba ni chatu? Kifutu mdogo naye ni mnene, ana madoadoa ya kahawia, anatulia kimya kama amelala. Ana sumu tangu siku anayozaliwa. Chatu hana sumu, kifutu anaweza kukukatisha mkono au kukuua. Shirika la Afya Duniani liliwaweka wanaoumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na waliosahaulika hasa ni watu wa vijijini kama sisi, wanaohesabu kilomita mpaka hospitali. Picha ya simu aliyonitumia ina ukungu, mimi siwezi kuapa.

Kuna mshkaji Msukuma hapa bwenini akanibana: "Mbona kwetu wanafuga na wanacheza nao?" Hoja nzuri, na kwa kuwa Wasukuma wamehamia Biharamulo kwa wingi, inatuhusu. Ni kweli, Wasukuma wana chama cha Bayeye, watu wa nyoka, na ngoma yao ya chatu inajulikana mpaka Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, Mwanza. Hans Cory aliandika habari za chama hicho tangu mwaka 1946. Lakini ndugu yangu, ile ni shule. Mtu anaingizwa, anafundishwa kukamata, anafundishwa dawa za kuumwa, ana wakubwa wa kumsahihisha. Haikuanzia kwenye video ya dakika nne. Kwa hiyo mfano wa Bayeye mimi naupokea, ila unasimama upande wangu.

Na hao wa mtaji? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma. Huwezi kumkamata wala kumfuga bila kibali, hata kama amekufuata shambani kwako. Chatu wote wako pia kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kuuza nje? Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 TAWA wakatangaza kufungua kwa miezi sita, Waziri Pindi Chana akalisitisha tangazo hilo mara moja. Mwanafunzi wa sekondari mwenye boksi moja anaingiaje kwenye mambo hayo kama siyo kumtafutia mjomba kesi?

Kambi ya "aue" nanyi msishangilie. Mnalia panya wamemaliza mahindi stoo, ndezi wamemaliza mihogo, halafu anayewala mnampiga jembe. Ndiyo, chatu mkubwa atachukua kuku, atachukua mbuzi, sikatai, na mwenye mbuzi ana haki ya kuwa na hasira. Lakini huyu ni wa urefu wa mkono. Na pori lipo. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, yapo mlangoni kwetu kabisa. Tunajisifia hifadhi huku tukiua kila kinachotambaa nje ya mpaka wake?

Kwa hiyo mdogo wangu, na yeyote mwenye boksi kama lako: usilifungue tena, usimshike, usimlishe. Liweke kivulini, watoto wasilifikie. Mwambie mjomba leo leo apeleke taarifa kwa mtendaji au afisa wanyamapori wa wilaya, aje mtu anayeweza kutambua ni chatu au kifutu. Akithibitishwa, arudishwe vichakani mchana jua likiwa limepanda, mbali na nyumba, siyo usiku wa baridi.

Kufuga siyo dhambi. Mbuzi tunafuga, njiwa tunafuga. Lakini kufuga maana yake unachukua juu yako kila kitu ambacho porini mnyama alikipata mwenyewe. Mbuzi unamchukulia majani. Nyoka unamchukulia jua, kila siku, usiku na mchana, na umeme ukikatika bado deni ni lako. Asiyeweza kulilipa deni hilo amwache mwenye jua akaote jua lake.

Anayebisha anajua nilipo, kimbweta cha pili kutoka mwembeni. Aje na hoja, na kama bumu lake limeshatoka, aje na chai.